Mashine ya kona hainunuliwi kwa ukubwa wa diski

Jumamosi iliyopita vijana watano walikuja uani kwangu Yombo na karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa profoma kutoka duka moja la Gerezani. Wamesajili kikundi, wanangoja mkopo wa halmashauri, ule wa asilimia 10 kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na mstari wa kwanza wa profoma ulisema: mashine ya kukatia kona, ya reli, diski milimita 305, ina leza.

"Shikamoo mama," alianza msemaji wao. "Tumeambiwa hii ndiyo kubwa kuliko zote."

Marahaba, nikawajibu. Ni kubwa kweli, na ndiyo maana msiinunue.

Mimi ni seremala, mwaka wa 24 sasa. Kumi ya mwanzo nilikuwa kwa mzee mmoja Keko, iliyobaki ni yangu mwenyewe: nusu ya wiki saiti, nusu ya wiki kwenye banda lililo nyuma ya nyumba. (Bado nikifika saiti mpya naulizwa fundi yuko wapi. Nimezoea. Huwa nashusha vifaa kwanza, jibu linafuata.) Mashine ninayoisema hapa ndiyo inayonilisha kuliko kifaa kingine chochote, kwa hiyo nina haki ya kuisemea.

Kwa asiyeijua: ni msumeno wa duara uliofungwa kwenye mkono, unaushusha juu ya ubao uliolala mezani. Meza yake inazunguka kushoto na kulia, kichwa kinalala upande, na ile ya reli kichwa chake unakivuta mbele na kukirudisha nyuma. Skatingi, mikanda ya milango, konisi ya mbao, fremu za kioo, miguu ya meza, vyote hupita hapo. Kupasua ubao kwa urefu haiwezi, na bodi nzima ya futi nne kwa nane usiipeleke kabisa. Hiyo ni kazi ya mashine ya meza.

Sasa kosa la wale vijana, ambalo ni kosa la wengi. Wanadhani diski kubwa ndiyo inayokata ubao mpana. Upana unaletwa na reli. Diski inaleta kimo. Mashine isiyo na reli ya milimita 254 hukata ubao wa nchi sita ikachoka. Ukiiwekea reli inafika nchi 12, yaani sentimita 30 hivi. Na ile ndogo ya milimita 216, ikiwa na reli nzuri, nayo inafika karibu hapo hapo. Zinachopishana ni unene wa mbao zinaoweza kuukata kwa mpigo mmoja. Nikawauliza vijana: mmeshakata nini kinene mwaka huu? Wakatazamana. Mbili kwa sita za fremu, moja kwa nane, moja kwa kumi za ngazi na makabati. Zote hizo 254 inazimaliza huku ikiimba. Nguzo ya nne kwa nne ambayo haijapigwa randa itaishinda kidogo. Mimi nakata, nageuza, namalizia. Mara ngapi kwa mwaka? Labda tatu.

Kwa ajili ya hizo mara tatu, kijana yuko tayari kubeba kilo 25 hadi 30 kila siku ya kazi, maana huo ndio uzito wa nyingi za 305 za reli. Nyumba za Goba na Kigamboni tunazofanyia kazi hazina lifti. Ngazi zina zege tu, hazina mikono ya kushika, na fundi wa madirisha kaacha vyuma njiani. Mashine ya milimita 216 ya kilo 15 hadi 18 naipakata mwenyewe kwenye bajaji na kuipandisha ghorofa ya pili bila kumwita mtu. Ile ya 254 naibeba na msaidizi, mmoja huku mmoja kule. Ile ya 305 nimeshaona ikiachwa saiti usiku kwa sababu watu wamechoka kuishusha, na asubuhi haikuwepo.

Nyumbani nako mashine ya reli ina vituko vyake. Reli za mashine nyingi zinatokeza nyuma kichwa kinaporudi, kwa hiyo huwezi kuisogeza ikagusa ukuta. Mimi hilo sikulijua. Banda langu ni jembamba, benchi limekaa ukutani, na siku ya kwanza nilipokisukuma kichwa hadi mwisho reli ziligonga matofali kabla diski haijamaliza kukata. Nilikuwa na kazi ya watu inangoja. Nikachukua tindo nikatoboa ukuta, matundu mawili ya kutosha ngumi. Kwa miaka miwili jirani yangu, kila akipita kichochoroni, alikuwa akiona vyuma viwili vinachungulia nje na kurudi ndani. Zipo ambazo watengenezaji wamelitatua hilo: Bosch wana za mkono unaojikunja badala ya reli, Makita na Festool wana ambazo reli zimetulia na kichwa ndicho kinachotembea juu yake. Zinakaa karibu na ukuta vizuri sana. Bei yake nayo ni ya kukukalisha chini. Kama fedha ni ya mkopo, tindo ni rahisi zaidi, au pima banda lako kabla ya kwenda dukani.

Kuna jambo la umeme, na hapa naomba msomaji asinicheke. Mwaka wa tatu wa kujitegemea nilinunua mashine ya mtumba iliyotoka Uingereza. Ilikuwa safi, chuma kizito, haijaguswa na kutu, na plagi yake ilikuwa ya duara, ya njano. Muuzaji aliikata ile plagi mbele yangu akafunga ya kawaida ya pini tatu, na mimi nikamshukuru kwa huduma. Rangi ya njano ni alama. Waingereza kwenye saiti za ujenzi hutumia volti 110 kupitia transfoma, kwa usalama wa mafundi wao. Umeme wetu ni volti 230. Nilipoiwasha ililia kwa sauti ambayo sijaisikia tena, ikakata ubao wa kwanza kwa kasi ya ajabu hata nikamwita mume wangu aje aone. Ubao wa pili ikatoa moshi. Niliipeleka kwa fundi wa kusuka mota, akanitajia bei, nikaiacha kwake hadi leo. Zinazotoka Marekani ni hivyo hivyo, wao wanatumia volti 120. Transfoma ya kuibeba mashine ya wati 1,800 ipo, lakini ni mzigo mwingine wa kubeba ngazini. Soma kibati cha pembeni ya mota kabla ya kusoma bei.

Hata iwe ya volti 230 halali, ukiiwasha mwishoni mwa waya mwembamba wa mita 50 uliovutwa kutoka kwa jirani, mota inapata umeme pungufu, inachemka, kaboni zinaisha mapema. Waya wa kurefushia uwe mnene, na kama ni wa kuzungushwa kwenye gurudumu, ukunjue wote kabla ya kazi. Ukibaki umejikunja unapata joto hadi plastiki yake inalainika. Jenereta ndogo nazo hukohoa mashine inapoanza, ndiyo maana napenda mashine zinazoanza taratibu. Za betri ni nzuri kwa saiti isiyo na umeme, sina ugomvi nazo, ila kumbuka betri huzeeka.

Leza niliyoikuta kwenye profoma nimeikata kwa kalamu. Jua la saa sita la Kigamboni haliachi mtu aone mstari mwekundu juu ya mninga, ambao wenyewe ni mwekundu. Bora taa inayotupa kivuli cha diski kwenye ubao: kivuli hakihitaji kurekebishwa, na kinaonyesha unene wote utakaoliwa.

Nguvu zangu nilizitumia kwenye jambo ambalo profoma haikuligusa kabisa: je, mashine inakata kweli? Fremu ya picha ina kona nne, mikato minane. Mashine ikidanganya nusu digrii kila mkato, ukifika kona ya mwisho umepoteza digrii nne, na kwenye fremu ya mbao za nchi mbili hilo ni pengo la milimita tano hivi. Hakuna gundi wala maranda yatakayolificha, na mwenye nyumba ataliona siku ya kwanza akiwa na wageni.

Kwa hiyo niliwasimamisha kwenye benchi. Nikachukua kipande cha msindano cha nchi sita, kimepigwa randa kingo zote mbili zikawa sambamba. Nikakikata katikati, digrii 90. Kisha kipande kimoja nikakipindua, tumbo juu, nikaviegemeza vyote kwenye rula ya chuma na kuvikutanisha pale vilipokatwa. Ukipindua hivyo, kosa linajidhihirisha mara mbili. Nusu digrii ambayo jicho halioni kwenye kipimo cha mashine inakuwa uwazi wa milimita mbili na nusu, kijana yeyote anauona. Vipande vyangu vilifungana, msemaji wao akajaribu kupitisha ukucha ikashindikana. Baadaye nikakivuta kichwa hadi mwisho wa reli nikawapa mshikio wausukume pembeni kwa kidole. Kidogo tu, maana chuma chochote ukigombana nacho kinapinda. Mashine mbovu hapo inacheza kama jino la mtoto wa miaka sita, na hizo ndizo zenye vibandiko vingi. Mwisho, peleka meza kwenye digrii 45 uirudishe kwenye sifuri, ukate tena. Inarudi palepale, au inakisia?

Diski inayokuja na mashine mara nyingi ina meno machache, inachana mkongo badala ya kuukata. Tengeni fedha ya diski ya meno 60, yale ya kupandikizwa, na mpime tundu la katikati: kuna 30, kuna 25.4, na hazipatikani kwa wingi sawa. Msifunge diski ya kupasulia. Meno yake yamelala mbele, yanapanda juu ya ubao na kukurushia kichwa. Ndiyo maana pia tunavuta kichwa kwetu kikiwa juu, tunashusha, halafu tunasukuma kwenda kwenye ukuta wa mashine, ule ubao unaouegemea. Anayekata huku akivuta anaita diski ije kwake. Na mbao za Sao Hill zikija mbichi zimejikunja, ule mgongo wake uguse ukuta wa mashine, la sivyo ubao unafumba na kuibana diski katikati ya kazi.

Nyuma ya profoma nikawaandikia: milimita 254, ya reli, volti 230, ya waya, taa ya kivuli kama ipo, diski ya meno 60, stendi ya miguu. Mkopo ule hauna riba, lakini marejesho unayo, na marejesho hayalipwi na mashine iliyoshindwa kupanda ngazi. Waende dukani na ubao wao uliopigwa randa na rula ya chuma. Muuzaji akikataa mashine ichomekwe na kukata vipande viwili mbele ya macho yao, watoke, waingie duka la pili. Gerezani maduka ni mengi.