Nguvu ya breki isipotee, na ufundi wake usibaki ughaibuni

Barabara ya Momela hushuka kutoka Hifadhi ya Arusha hadi Usa River, ilipo njia kuu ya Arusha na Moshi. Magari ya watalii, ya mizigo na ya abiria huteremka hapo kila siku, na madereva hukanyaga breki. Kila breki inapokanyagwa, nguvu ambayo gari liliipata kwa kuchoma mafuta wakati wa kupanda hugeuka joto na kupotelea hewani. Mafuta hayo hununuliwa ughaibuni kwa fedha za kigeni. Joto la breki, basi, ni mali ya Taifa inayotupwa njiani.

Hesabu yake si ngumu. Gari la tani 3 likishuka mita 100 za kimo, nguvu ya uzito wake inazidi robo tatu ya yuniti moja ya umeme, yaani yuniti ile ile inayonunuliwa kwa LUKU. Haiwezekani kuiokoa yote, lakini sehemu kubwa yake yaweza kurudishwa na kutumika tena.

Njia ya kuirudisha imejulikana siku nyingi, nayo imepimwa kwa ukali katika magari ya mashindano. Mota ya umeme huzungusha magurudumu gari linapohitaji nguvu. Dereva akipunguza mwendo, magurudumu nayo huizungusha mota, ikawa jenereta na kujaza betri. Mwaka 2009 magari ya Formula One yaliruhusiwa kutumia mota ya kilowati 60 kwa sekunde zisizofika 7 katika kila mzunguko. Mwaka 2012 gari la Audi lilishinda mbio za saa 24 za Le Mans, Ufaransa, magurudumu yake ya nyuma yakisukumwa na injini ya dizeli na ekseli ya mbele ikiendeshwa kwa umeme.

Afrika Mashariki iliyaona magari hayo mwezi Juni 2022, katika mashindano ya Safari huko Naivasha, Kenya. Mashindano hayo yalianza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na Bert Shankland wa Tanzania aliyashinda mwaka 1966 na 1967 kwa Peugeot 404. Gari lile fundi hodari aliweza kulifungua na kulifunga upya. Lakini magari ya 2022, ambayo Toyota ilishika nayo nafasi nne za kwanza, yalibeba mota ya kilowati 100 na betri yake ndani ya sanduku lililofungwa. Mafundi wa timu hawakuruhusiwa kulifungua. Likiharibika, lilirudishwa kwa watengenezaji wake Ujerumani. Timu zile tajiri zenyewe zililemewa na gharama na ugumu wa mpango huo, na kuanzia msimu wa 2025 masanduku hayo yaliondolewa.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya anasa yasiyomhusu mwananchi wa Meru. Hilo si kweli. Toyota Harrier ya haibridi, yaani yenye injini ya mafuta pamoja na mota za umeme, ilianza kuuzwa Japani mwaka 2005. Ekseli yake ya nyuma huendeshwa na mota yake yenyewe, bila propela shafti kutoka kwenye injini. Magari ya namna hiyo huingia nchini yakiwa yamekwisha kutumika. Jijini Arusha, kampuni ya Mount Kilimanjaro Safari Club ilizindua gari la umeme la watalii mwaka 2018. Swali si kama ufundi huu utakuja. Swali ni nani atakayeufungua utakapoharibika.

Fundi aliyezoea umeme wa betri ya volti 12 akiingiza mkono katika waya wenye mamia ya volti bila mafunzo, anahatarisha maisha yake. Asipothubutu kuugusa, gari hutupwa na kazi yake hupungua. Ndiyo maana Chuo cha Ufundi Arusha, kilichoanza mwaka 1978, pamoja na vyuo vya VETA, havina budi kuufanya ufundi huu kuwa somo la lazima kwa kila fundi magari, na milango ifunguliwe pia kwa mafundi wa mitaani ambao hawakupitia chuoni.

Watumishi wa umma wanaoandaa zabuni za magari nao wana wajibu. Mkataba usisainiwe mpaka utaje vitabu vya matengenezo, vipuri na mafunzo ya mafundi wa hapa nchini. Walimu, kwa upande wao, waonyeshe darasani kwamba nishati haipotei bali hubadilika umbo, na mfano wao uwe gari linaloshuka mlima wanaouona dirishani.

Maji ya mto Usa huingia Kikuletwa, na Kikuletwa hujaza bwawa la Nyumba ya Mungu, ambako hufua umeme. Nchi imeongeza megawati 2,115 za Bwawa la Julius Nyerere huko Rufiji. Umeme wa kuendesha magari ni wa nchi yenyewe. Ukibaki kufunguliwa na kutengenezwa na wageni, Taifa litakuwa limeacha kununua mafuta ughaibuni ili likanunue ufundi huko huko.