Ng'ombe mchafu ndani ya Linux, na ile kompyuta ya kona

Nimekuwa kimya siku kadhaa, nahangaika na vibarua. Leo nimerudi na habari ambayo si mpya, ila wiki hii imenigusa mwenyewe, kwa hiyo nivumilieni.

Pale kafe ninapoandikia kuna kompyuta moja ya kona inayogawa muda kwa mashine nyingine zote. Inatumia Linux. Siku wateja wakijaa, hata yenyewe hukaliwa na mtu, anaingia kwa akaunti ya mgeni. Juzi mwenye kafe akaniomba niangalie kwa nini inajikokota. Nikaandika uname -r, ikanijibu 3.13.0-24. Mwee! Hiyo ni keneli iliyokuja na Ubuntu 14.04 Aprili 2014. Yaani tangu iwekwe haijaguswa. Nikamwambia, "Kaka, hii ni hatari." Akacheka: "Dogo, Linux haina virusi. Inafanya kazi, iache."

Hapo ndipo nilipokumbuka Dirty COW, yaani ng'ombe mchafu, kasoro iliyosajiliwa kwa namba CVE-2016-5195.

Keneli ndiyo kiini cha mfumo endeshi. Programu yoyote ikitaka memori inaiomba keneli, nayo inagawa kwa vipande vinavyoitwa kurasa. Sasa ili isimalize memori hovyo, ina ujanja mmoja. Chukulia mwalimu ameacha notsi zake kwa mwenye stesheneri. Darasa zima mnasoma orijino ileile, hakuna haja ya fotokopi hamsini. Ila ukitaka kuandika juu yake, mwenye duka anakutolea fotokopi yako na orijino inabaki safi. Keneli inafanya hivyohivyo.

Kasoro ilikuwa hapa. Unaomba kuandika. Mwenye duka anatoa fotokopi, anajiwekea alama kichwani kwamba suala la ruhusa limekwisha. Kabla hujaandika, mshikaji wako anaitupa ile fotokopi. Mwenye duka anarudi mezani, haioni, lakini anakumbuka kuwa ruhusa alishaimaliza, basi anakupa karatasi iliyopo. Orijino! Unaandika juu ya notsi za mwalimu na hakuna anayekuuliza.

Kwenye kompyuta, hiyo "orijino" inaweza kuwa faili ya msimamizi mkuu. Mgeni aliyeruhusiwa kusoma tu anaibadilisha, kisha anageuka kuwa bosi wa mashine nzima.

Swali langu siku zote lilikuwa: kitu hiki kilipitaje mbele ya macho ya watu wote wanaosoma kodi ya Linux? Maana tunaambiwa kodi ikiwa wazi, makosa hayana pa kujificha. Jibu ni kwamba kasoro za memori za aina hii hazipigi kelele. Mashine haizimi, haitoi ujumbe wa kosa. Ni mbio kati ya kazi mbili, na lazima zikutane katika nafasi ndogo mno ya muda. Tena ukiweka mistari ya kuchunguza kinachoendelea, mwendo wa programu unabadilika na kasoro yenyewe inapotea. Ni kama fundi: gari linagonga njia nzima, likifika gereji linanyamaza.

Na kumbe kuna aliyewahi kuiona. Linus Torvalds mwenyewe alijaribu kuirekebisha mwaka 2005, lakini marekebisho yale yakaondolewa kwa sababu yalileta matatizo kwenye kompyuta kubwa za IBM aina ya s390. Wakati ule hatari ilionekana ya nadharia tu. Kompyuta zikabadilika, keneli ikabadilika, nadharia ikawa kitu cha kweli. Kuanzia toleo la 2.6.22 la mwaka 2007 mlango ulikuwa wazi, hadi Oktoba 2016. Miaka tisa!

Aliyeifichua ni Phil Oester, na hakuipata kwa kusoma kodi. Alikuwa na tabia ya kuhifadhi mawasiliano yote yanayoingia kwenye seva zake, akamnasa mvamizi akiwa na silaha mkononi. Kwa hiyo wezi walijua kabla ya mafundi.

Kiraka kikatoka. Torvalds akaandika hadharani kwamba alishajaribu miaka kumi na moja nyuma na akafanya vibaya. Kusema kweli hapo nilimvulia kofia, wakubwa wangapi huandika hivyo? Lakini haikuishia hapo. Novemba 2017 ikagundulika kwamba kiraka chenyewe hakikukaa sawa kwa zile kurasa kubwa za memori, ikabidi kishonewe kiraka kingine.

Msije mkasema hayo ni ya kale. CVE-2024-1086 nayo ni kasoro ya memori: keneli inaendelea kutumia kipande ambacho imeshakiachia. Ilipita miaka mingi humo ndani, na mwezi Mei 2024 shirika la usalama wa mitandao la Marekani, CISA, likaiweka kwenye orodha ya kasoro zinazotumiwa kweli na wavamizi. Ndiyo maana tangu toleo la 6.1 la Desemba 2022 keneli imeanza kupokea lugha ya Rust, ambayo hukataa mengi ya makosa haya kabla programu haijaanza kukimbia. Ila kodi ya zamani ya C bado ni nyingi, haitaandikwa upya kesho.

Mtazamo wangu ni huu. Mafundi wa keneli kazi yao waliifanya, kwa kuchelewa lakini waliifanya. Kwa Ubuntu 14.04 kiraka kilifika kwenye 3.13.0-100. Kompyuta ya kona imebaki kwenye 24. Kilichokwama ni safari kutoka kwa fundi hadi kwetu, na hapo hakuna wa kumlaumu Ulaya wala Marekani. Sisi ndio tunaoandika nywila za barua pepe na maombi ya kazi kupitia mashine kama hizi.

Simbezi mwenye kafe. Aliniambia kinachomtisha: "Ikigoma kuwaka Jumatatu, kodi ya pango utalipa wewe?" Ana hoja. Tumekubaliana Jumapili usiku tuhifadhi faili zake zote kwanza, kisha tuweke toleo jipya kabisa, maana msaada wa kawaida wa 14.04 ulikwisha 2019. Jumatatu nitawaambia kama imewaka au nimefukuzwa.

Wewe hapo ulipokaa, mashine yako ina keneli ya mwaka gani? Angalia, uniandikie hapo chini. Na usiulize "ina virusi?" Uliza "mara ya mwisho imewekwa kiraka lini?"

Tuko pamoja.