Oili Nzito Si Dawa ya Turbo

Nampinga waziwazi mwandishi yeyote anayeshauri gari la turbo linalokula oili litiwe oili nzito ya 20W-50 ili moshi ukome. Shafti ya turbo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, ikielea juu ya utando mwembamba wa oili. Asubuhi, injini ikiwa baridi, oili nzito huchelewa kuifikia shafti hiyo, na chuma husagana na chuma. Ugonjwa nao unabaki palepale: valvu ya PCV (ya kutolea gesi za ndani ya injini) iliyoziba, bomba la kurudisha oili lililojaa masizi, sili za turbo au ringi za pistoni zilizochoka. Fundi aanze na valvu hiyo ya PCV, kisha apime kompresheni kabla ya kushusha injini. Nawe tia oili inayotajwa kwenye kitabu cha gari, na upime kiwango chake kila wiki.