DAWA YA MPUNGA: TUTAZAME KWANZA SHAMBA



Imeletwa hoja kwamba fedha za ushirika za msimu huu zinunue dawa ya kutosha majaruba yote, na kila mtu apulize wiki ya tatu baada ya kupandikiza, awe na wadudu asiwe nao. Sisi wa Tawi hatuikubali, na sababu tunaziandika hapa zisomwe kabla ya mkutano.

Dawa hizi hazichagui. Zinaua mdudu anayekula mpunga, zinaua na buibui anayemla mdudu huyo. Hebu ingieni jarubani asubuhi, umande haujakauka, mtazame chini kwenye mashina. Buibui wamejaa, mshahara hawadai! Wapo kerengende na vyura. Wapo na vijinyigu vidogo mno, hutaga ndani ya mayai ya nondo wa funza wa shina. Yai likipasuka hutoka nyigu, si funza.

Wenzetu wa Indonesia yaliwakuta. Serikali yao ilibeba sehemu kubwa ya bei ya dawa, basi watu wakapuliza kweli kweli. Kule kuna mdudu wa kahawia afyonzaye mpunga, mayai huyaficha ndani ya mmea. Dawa ikaua buibui, mayai yakabaki. Yalipoanguliwa hapakuwa na wa kuwala wale watoto, wakajaa kuliko mwanzo. Novemba 1986 Rais Suharto akapiga marufuku aina 57 za dawa kwenye mpunga, na kufikia 1989 ruzuku ikafutwa. Mavuno hayakuanguka, yaliendelea kupanda.

Hata kwenye kabichi ni hivyo. Kenya, huko Taita, mwaka 2002 waliachia nyigu kutoka Taiwan wawashambulie viwavi waliokwisha kuizoea dawa.

Wengine watasema, majani yanaliwa, tukae tu? Jamani, mpunga mchanga ukiliwa majani kidogo huyarudisha. Viwavijeshi ni habari nyingine. Hao wakiingia, bwana shamba aitwe siku hiyo hiyo.

Hoja yetu ni hii: ushirika ununue dawa kidogo, ifungiwe ghalani. Kila mfereji uchague watu wawili wa kukagua majaruba kila wiki, wahesabu wadudu na buibui, waandike daftarini. Anayetaka dawa aje na daftari. Na wale vijana wanaopiga vyura kwa fimbo pale mferejini, wazazi wao tunawajua.

Katibu wa Tawi