Msinishushie Gari

Nenda Dodoma mjini Ijumaa jioni, mahali popote penye nyama choma na maegesho mapana. Hutakosa kijana aliyeinama pembeni ya Vitz RS au Swift Sport, anapima kwa vidole nafasi iliyobaki kati ya tairi na madigadi. Ikibaki ya vidole viwili anasifiwa. Ikibaki ya kimoja anapigwa picha. Hiyo ndiyo kazi tunayoiita kuboresha sasipensheni, na mimi nasema ni kulipa pesa ili gari liharibiwe.

Nasema kwa sababu nililipa. Nilipoanza shahada ya uzamili nilikuwa na Vitz RS ya injini ya 1NZ, lita moja na nusu. (Najua, mwenye Subaru atacheka akisikia naliita gari la mbio. Acheke.) Fundi mmoja alizitoa springi zote, akawasha grenda, akakata koili moja na nusu kwenye kila moja. Kazi ya asubuhi moja. Gari likatoka limelala chini kama chui, nikajiona nimefika.

Wiki tatu baadaye bibi yangu alifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho mjini. Nikapewa kazi ya kumrudisha nyumbani Kibakwe. Daktari alisema asiiname, asinyanyue mzigo, asitikisike sana. Mpaka Mpwapwa tulikwenda bila neno. Baada ya hapo ukaja udongo, makorongo ya mchanga, na zile sehemu ambazo barabara imejikunja kama bati la migongo midogo. Kila shimo lilikuwa ngumi. Bibi alishika pamba ya jicho kwa mikono miwili, mkanda ukimkata shingoni. Alipochoka kunyamaza akasema, "Mume wangu, hili gari nimelikosea nini?"

Sikuwa na jibu. Mbele kidogo ya Gulwe, tukitoka kwenye korongo, jiwe likapasua sampu ya oili. Tulikaa chini ya mbuyu hadi jua likakaribia kuzama, ndipo ikapita Canter iliyojaa mahindi. Bibi alipandishwa mbele. Kesho yake aliniambia Canter ilimbeba vizuri kuliko mimi.

Na alikuwa anasema kweli. Springi ni chuma kinachopokea pigo, kinalihifadhi, halafu kinalirudisha. Ugumu wake unategemea idadi ya koili zinazofanya kazi: ukipunguza koili, springi inakuwa ngumu zaidi. Zikiwa sita ukaacha nne na nusu, umeongeza ugumu kwa theluthi moja, hata kama fundi alikwambia ameshusha tu. Wakati huohuo umeiba safari ya gurudumu, yaani zile sentimita ambazo gurudumu lilikuwa nazo za kupanda kabla shokapu haijafika mwisho. Kwa hiyo springi yako ni ngumu, tena haina nafasi ya kufanya kazi. Gurudumu likigonga shimo la maana linapanda kidogo, linakutana na kile kipande cha mpira cha kuzuia, na kuanzia hapo huna sasipensheni. Una mkokoteni wenye redio. Canter ilitengenezwa kubeba tani kadhaa, na siku ile ilikuwa nazo. Springi zake za bapa zilikuwa zinakunjuka na kukunja kama zilivyokusudiwa.

Shokapu nayo ina kazi yake, ambayo wengi hatuijui. Haibebi gari. Inatuliza springi kwa kusukuma oili kupita kwenye matundu madogo, na ule mruko unageuka joto. Shokapu ya kiwandani ilipangwa iendane na springi ya kiwandani. Ukiiwekea springi ngumu zaidi, nguvu ya kuituliza haitoshi, gari linaruka baada ya kila tuta, na tairi linalorukaruka halishiki barabara. Hapa ndipo hoja ya "nimeshusha ili likae kwenye kona" inapokufa. Kwenye lami laini, ni kweli, gari lililo chini linalala kidogo tu kwenye kona. Wajapani wana sababu ya kuyashusha yao. Sisi tumechukua picha ya gari tukaiacha barabara kulekule.

Kuna kundi la pili, nalo linanikera vilevile: wazee wa busara. Hao wakiona gari dogo lenye kasi kijijini wana ushauri mmoja tu: uza, nunua Noah. Au wanakupeleka kwa fundi wa spensa, akuwekee kipande cha alumini juu ya maunti, gari lisimame kama mbuzi aliyepanda mwamba. Spensa inainua bodi, hilo sikatai, na kuna mawe utayavuka. Lakini haiongezi safari ya shokapu hata milimita moja. Inachoongeza ni pembe ya drive shafti, mvutano wa mipira ya breki, na kazi ya boljointi. Shimo lililokupiga jana litakupiga leo, ila sasa utapigwa ukiwa juu.

Hawa wazee wamesahau historia ya nchi yao. Safari Rally ilipoanza mwaka 1953 ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika, kwenye vumbi na tope hilihili. Bert Shankland, dereva aliyeishi hapa kwetu Tanzania, aliishinda mwaka 1966 na tena 1967 kwa Peugeot 404, gari ambalo walimu wakuu na wafanyabiashara wa wakati ule walipanda kwenda kazini. Joginder Singh wa Kenya alishinda 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer ya lita 1.6. Injini ndogo, gari dogo. Mafundi wao hawakuyalaza chini yapendeze. Waliyapa nafasi chini ya tumbo, safari ndefu ya magurudumu, shokapu za kuvumilia joto, na bati nene la kukinga injini. Yaani jibu la swali letu lilikuwa limeshapatikana kabla wazazi wetu hawajaoana. Sisi tunaangalia video za Tokyo.

Baada ya aibu ya Gulwe nilianza upya, na nikaanza na vitu visivyopigwa picha. Bushi za kontrol amu zilikuwa zimepasuka, na hakuna aliyeniambia kwa sababu hakuna aliyechungulia. Bushi ikifa, gurudumu linajiendea linakotaka hata kama umenunua shokapu ya bei ya ng'ombe. Nikabadilisha bushi, maunti za juu na stabilaiza linki. Nikauza rimu za inchi 16 zilizokuwa na tairi za 195/50, nikaweka za inchi 15 zenye 185/60. Piga hesabu mwenyewe: kimo cha tairi zima kinabaki karibu sentimita 60 kwa zote mbili, ila ukuta wa mpira unatoka milimita 97 hadi 111. Hizo milimita 14 ni sasipensheni, na hakuna anayeziuza kwa jina hilo. Nikarudisha springi za kimo cha kiwandani. Nikanunua shokapu mpya nne. Marafiki walinicheka kwa kukataa za mtumba kutoka Japani, lakini sioni kwa nini nilipie sili na oili ambazo mtu mwingine ameshazichosha. Mwisho nikatafuta bati la chini, kisha alaimenti. Jumla ilikuwa chini ya bei niliyotajiwa kwa rimu za inchi 17.

Gari sasa linaonekana kama la mwalimu mstaafu. Ijumaa hakuna anayeinama kulipima. Lakini kwenye kona za changarawe linashika kuliko siku yoyote lilipokuwa limelala, kwa sababu tairi zote nne zinagusa ardhi, na mwendo ni huo tu, mengine ni stika.

Ninaambiwa nisubiri lami, ikifika yote haya yatakuwa hadithi. Nitaisubiri kwa furaha. Ila lami yetu huja na matuta yake na rasta zake, na nimeona Vitz zilizoshushwa zikipanda tuta mshazari, abiria wamebanwa, foleni nyuma inapiga honi. Bibi ana jicho la pili linalosubiri upasuaji, na amenitaja mimi kuwa dereva, baada ya kuzunguka gari mara mbili akiligonga kwa fimbo. Anayetaka kubishana na niliyoyaandika asinitumie picha ya rimu. Aje na gari lake Gulwe Jumamosi yoyote kabla mvua hazijaanza, akiwa na mtu mzima kwenye kiti cha nyuma.