Mbao za mbili kwa nne zipimwe kama mafuta na mizani



Kuna jambo linalotuumiza mafundi wa kupaua pamoja na wateja wetu. Mbao tunazouziwa hazifikii kipimo kinachotajwa, na vipimo vyenyewe vimechanganywa hivi kwamba mnunuzi wa kawaida hana namna ya kujua amepunjwa kiasi gani.

Msituni, mti wa msindano hupimwa kwa mita za ujazo, na mrabaha hukokotolewa kwa mita hizohizo. Mbao ikifika yadi, mita zinaachwa mlangoni. Pale tunauziwa kwa kipande: unene na upana kwa inchi, urefu kwa futi. Mbili kwa nne ya futi 12, mbili kwa sita ya kenchi, mbili kwa mbili za papi. Halafu mkadiriaji majenzi akiandika orodha ya vifaa, anarudi kwenye mita za ujazo. Mteja anabaki katikati, anaamini chochote anachoambiwa na muuzaji.

Hesabu yenyewe si ngumu, na ningependa kila anayejenga aijue. Zidisha inchi za unene kwa inchi za upana kwa futi za urefu, kisha gawa kwa 5,085. Jibu ni mita za ujazo. Mbili kwa nne ya futi 12 inatoa 0.0189, kwa hiyo mita moja ya ujazo ni mbao 53. Mbili kwa sita ya urefu huo ni futi moja kamili ya ujazo, na mita moja inabeba mbao 35.

Sasa chukua futikamba uipime hiyo mbili kwa nne. Nyingi ninazokutana nazo zina unene wa inchi 1¾ na upana wa inchi 3¾. Robo inchi huku na robo inchi kule inaonekana ni kitu kidogo, lakini mbao hiyo imepungukiwa asilimia 18 ya ujazo wake. Mita moja iliyopaswa kutoa mbao 53 sasa inatoa 64. Anayenunua kwa ujazo na kuuza kwa kipande anapata mbao 11 za ziada kwa kusogeza msumeno tu, na ndiyo maana hali hii haitajirekebisha yenyewe.

Mteja wangu mmoja aliandikiwa mita 2 za ujazo. Muuzaji akamhesabia mbao 106, sawasawa kabisa na jedwali lake. Nilipozipima zilikuwa mita 1.64. Mbao 23 za ukubwa uleule zililipiwa na hazikufika. Alipolalamika akajibiwa kwamba kipimo cha mbao ndivyo kilivyo, zinanywea zikikauka.

Ni kweli mbao hunywea. Lakini msindano ukikauka haupotezi robo inchi katika unene wa inchi mbili. Haufiki hata nusu ya hiyo. Wapo wanaosema hata Marekani mbili kwa nne ni inchi 1½ kwa 3½. Sawa, ila kule kipimo hicho kimewekwa na kanuni, kila muuzaji anakifuata, na mhandisi anapiga hesabu zake kwa hizo inchi 1½ na 3½. Kwetu kila mwenye mashine ana inchi zake.

Na si fedha peke yake. Uwezo wa mbao kukataa kupinda hutegemea unene, na zaidi upana uliosimamishwa, ambao huzidishwa wenyewe kwa wenyewe mara tatu. Mbao niliyoitaja ina takriban asilimia 72 tu ya ukakamavu wa mbili kwa nne kamili. Mchoro wa kenchi ulichorwa kwa nne kamili, bati na upepo vitakaa juu ya tatu na robo tatu, na paa likibonyea anayeitwa ni fundi.

Tunayo Sheria ya Vipimo, Sura 340, na tunao Wakala wa Vipimo. Tumewaona wakikagua pampu za mafuta, mizani za masoko na magunia ya lumbesa, na wakulima wa viazi na vitunguu wanajua thamani ya kazi hiyo. Ninaomba waingie na kwenye yadi za mbao. Waweke kiwango cha chini cha unene na upana kwa kila saizi, kwa mbao mbichi na kwa mbao kavu, na anayeshuka chini yake achukuliwe hatua. Kila yadi ibandike ubao wa bei wenye vipimo halisi kwa milimita. Na risiti iandike idadi ya vipande pamoja na jumla ya mita za ujazo, ili mteja aweze kuilinganisha na orodha ya mkadiriaji kabla gari halijapakia.

Fundi wa kupaua,
Kihonda, Morogoro.