Usiuze Sahani za Nyanya kwa Bei ya Sufuria

MPENZI msomaji, hebu tazama kabati la vyombo hapo sebuleni mwako. Bila shaka utaona zile sahani za wageni, birika la chai lenye maua, na vikombe vyake sita ambavyo sasa vimebaki vinne. Watoto wamekatazwa kuvigusa tangu wazaliwe. Hata wageni wenyewe wakija huletewa chai katika vikombe vya kila siku, kwani vile vya kabatini vinahofiwa kuvunjika. Basi vinakaa na kushika vumbi, na siku mwenyewe anapoiaga dunia, hakuna ajuaye vilitoka wapi wala vilinunuliwa na nani.

Jambo hili si dogo kama linavyoonekana. Msomaji mmoja wa Mombasa, ambaye sitamtaja jina, ameniandikia barua yenye majonzi. Mamake alifariki na kuacha sahani kumi na moja za maua, bakuli tatu kubwa na vikombe vidogo vya kahawa ambavyo yeye mwenyewe alirithi kwa nyanyake. Kabla hata ya arobaini kumalizika, nduguze wawili wa kiume walikuwa wamekwisha kumleta dalali nyumbani. Akazigeuzageuza sahani hizo, akasema ni vitu vikuukuu visivyo na soko, kisha akataja bei ya zote kwa pamoja. Anavyoeleza dada huyu, pesa hizo hazingetosha hata kununua sufuria mbili nzuri. "Ndugu zangu wananicheka," anaandika. "Wasema ninalilia udongo. Je, mimi ni mjinga?"

La hasha, dada yangu, wewe si mjinga. Na kama vyombo hivyo havina soko, hebu jiulize: dalali alifunga safari ya nini? Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda, nasi Wakenya tumeumwa na kidonda hicho kwa muda mrefu. Tunatupa cha kale ili tununue cha plastiki, halafu tunashangaa kukiona kile tulichokitupa kimewekwa dukani kwenye kioo, kikiuzwa kwa bei tusiyoweza kuifikia.

Sahani ukutani

Wanaodhani kwamba kupenda vyombo vizuri ni mambo ya kizungu wafunge safari hadi pwani yetu. Watu wa huko walikuwa wakila katika vyombo kutoka Uchina karne nyingi kabla ya reli kufika Nairobi. Dau na majahazi yaliyokuja na pepo za kaskazi yalileta nguo, shanga na vyombo vya kauri, na yaliporudi na kusi yalibeba pembe za ndovu, boriti za mikoko na bidhaa nyinginezo. Uhusiano huo ulikuwa mkubwa hata mwaka 1415 Malindi ikampelekea mfalme wa Uchina zawadi ya twiga.

Ukifika Gedi, karibu na Watamu, utaona magofu ya mji uliohamwa karne ya 17. Mtaalamu James Kirkman alianza kuuchimbua mwaka 1948, na miongoni mwa vitu vilivyofukuliwa ni vigae vingi vya vyombo vya Kichina. Nyumba moja ya hapo imepewa jina kutokana na bakuli la kauri lililopatikana ndani yake. Mwaka 2024 mji huo uliingizwa na UNESCO katika orodha ya turathi za dunia.

Huko Mambrui nako kuna kaburi la nguzo ambalo wajenzi wake walilipamba kwa bakuli za Kichina zilizopachikwa kwenye chokaa. Makaburi na misikiti ya namna hii ilikuwa mingi pwani. Leo katika mengi ya majengo hayo hutaziona bakuli zenyewe. Utakachokiona ni mashimo ya mviringo tu, kwa kuwa watu walizibandua wakaenda nazo.

Lamu ndiko sahani zilikopewa heshima ya pekee. Katika majumba ya mawe ya karne ya 18, ukuta wa chumba cha ndani ulichongwa vidaka, au zidaka kama wasemavyo Waamu. Hizi ni rafu ndogo ndogo za chokaa zilizopangwa safu juu ya safu, zikiwa na nakshi pembeni, na humo ndimo zilimowekwa sahani na bakuli za kauri. Zilikuwa pambo, na zilimweleza mgeni pasipo maneno kwamba ameingia katika nyumba ya watu wenye uwezo na adabu. Wako pia walioamini kwamba sahani huikinga nyumba na kijicho: ikipasuka yenyewe, basi imepokea shari iliyokuwa imuangukie mwenye nyumba. Uamini au usiamini, utakubali kwamba watu hao hawakuziona sahani kuwa udongo mtupu.

Karne ya 19 sahani za Ulaya nazo zikafurika. Viwanda vya Uingereza na Uholanzi, kikiwemo kile cha Petrus Regout cha mjini Maastricht, vilitengeneza sahani na bakuli zenye maua ya rangi kali zilizopendwa sana Unguja na pwani yetu yote. Huenda zile sahani kumi na moja za dada yetu ni za namna hiyo, na huenda sivyo. Ila itakuwa ajabu iwapo zitauzwa kabla ya mtu yeyote kuzigeuza akasoma kilichoandikwa chini yake.

Na nyumba yenyewe

Chombo na nyumba ni ndugu. Majumba ya Lamu yalijengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Boriti haikuweza kuvuka nafasi kubwa, ndiyo sababu vyumba ni virefu lakini vyembamba. Kuta nene huzuia joto, na kiwanda, yaani ua wa katikati, huleta mwanga na hewa. Mgeni hupokewa barazani na hafiki chumba cha ndani ila kwa ruhusa. Baba mwenye uwezo alimjengea bintiye nyumba au ghorofa ya kuolewa, na mara nyingine nyumba za ndugu ziliunganishwa kwa wikio, yaani chumba kinachopita juu ya kichochoro. Kwa hiyo wanawake waliweza kutembeleana bila kushuka barabarani.

Mji wa kale wa Lamu uliingizwa katika turathi za dunia mwaka 2001. Hata hivyo, kutambuliwa huko hakukumzuia mwenye nyumba kuuza. Lamu mjini na Shela nyumba nyingi zimenunuliwa na wageni. Baadhi yao wamezikarabati kwa uangalifu ambao sisi wenyewe hatukuuonyesha, na tuwape haki yao. Lakini mjukuu wa aliyeijenga sasa akitaka kuviona vidaka vya nyanyake hubisha hodi kama mgeni. Kuuza kwa shida si aibu. Lakini familia ikiuza bila kujua inauza nini, majuto huwa marefu.

Nanyi wa bara msiseme hayawahusu. Nyumba ya Karen Blixen jijini Nairobi ilijengwa mwaka 1912, ikawa makavazi mwaka 1986, na hadi leo watu hulipa kiingilio ili kutazama samani na vyombo vya enzi hizo. Kule kijijini kwenu je? Ile nyumba ya babu ya mabati na mbao, ya kwanza kuwa na dirisha la vioo kijijini, haina historia? Kile kikombe cha bati chenye ua jekundu alichorudi nacho babu kutoka vitani hakina la kusimulia?

Kukijua ulicho nacho

Huhitaji kuwa mtaalamu ili kuanza. Kigeuze chombo utazame kitakoni. Ukiona alama ya kiwanda, iandike jinsi ilivyo. Ukiona jina la nchi kwa Kiingereza, aghalabu chombo hicho ni cha baada ya mwaka 1891, kwa sababu ndipo sheria ya Marekani ilipoanza kudai kwamba bidhaa zinazoingia nchini humo ziandikwe nchi zilikotoka, na viwanda vingi vikafuata. Kiinue penye mwanga: kauri halisi ikiwa nyembamba hupitisha mwanga kidogo, na kivuli cha vidole vyako huonekana upande wa pili. Kigonge taratibu kwa ukucha. Kizima hulia kama kengele, chenye ufa hutoa sauti iliyokufa.

Maarifa hayo yatakufaa pia sokoni. Gikomba na Kongowea kwenye mitumba, katikati ya vikombe vya ovyo, mara nyingine hupatikana sahani moja nzuri iliyotenganishwa na wenzake. Pitisha kidole ukingoni kutafuta pengo, tazama kama imeunganishwa kwa gundi, kisha nunua kwa sababu umeipenda. Anayenunua kwa kutarajia utajiri huishia kuvunjika moyo. Lakini nakusihi, usiokote hata kigae kimoja kwenye magofu, wala usinunue kutoka kwa aliyeokota. Mahali kigae kilipolala ndipo pamebeba habari zake. Kikishaondolewa, hata mtaalamu hawezi kukisomea chochote cha maana.

Kabla ya dalali kurudi

Kwa dada wa Mombasa na wengine walio katika hali kama yake, nashauri hivi.

Kwanza, mali ya marehemu si ya mmoja kuuza. Waislamu wana mirathi na Kadhi, na wengine wana Sheria ya Urithi inayokataza mtu kujiingilia mali ya marehemu kabla ya taratibu kukamilika. Waambie nduguzo hayo kwa upole, tena mbele ya mzee wanayemheshimu.

Pili, hesabu kila chombo, kipige picha mbele na nyuma, na uandike habari zake: kilikuwa cha nani, alikipataje, kilitumika siku gani. Waulize akina shangazi na halati wangali hai. Kauri hudumu miaka mia tano, lakini kumbukumbu ya mtu huzikwa naye.

Tatu, wapelekee wataalamu wa Makavazi ya Kitaifa kule Fort Jesus wakakitazame. Elewa pia kwamba chini ya sheria ya makavazi na turathi ya mwaka 2006, kitu kilichotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya 1895 ni cha kale, na hakiwezi kutolewa nje ya nchi bila kibali. Mnunuzi anayekuharakisha, na hataki kusema anakipeleka wapi, anakuficha jambo.

Nne, gawaneni badala ya kuuza. Sahani kumi na moja kwa watoto na wajukuu, kila mmoja apate yake na maandishi yake. Na iwapo kuna karo ya kulipa na lazima baadhi ziuzwe, basi ziuzwe baada ya kujulikana ni nini, na kila mrithi ajue bei.

Vitunze, lakini vitumie

Osha kwa mkono, kimoja kimoja, ndani ya beseni la plastiki, kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo kali. Usisugue kwa jivu wala waya wa sufuria, kwani maua yatabanduka. Ukizipanga sahani, weka kipande cha kitambaa kati yao. Chenye ukingo wa dhahabu kisiingie katika mikrowevu. Isitoshe, rangi za baadhi ya vyombo vya zamani zina madini ya risasi, ambayo ni sumu. Hivyo vikongwe viwe vya kupamba, na usihifadhi ndani yake achari, ndimu wala ukwaju.

Lakini zile sahani za wageni za miaka ya karibuni, seti uliyopewa siku ya harusi, zitoe kabatini. Zitandike leo mchana. Mpe mtoto wako chai katika kikombe cha nyanyake na umwambie alikuwa nani. Kikivunjika kimoja, vitabaki vingine, na mtoto atakuwa amekwisha kuijua hadithi. Huo ndio urithi ambao dalali hawezi kuutia guniani.

Usiache mbachao kwa msala upitao. Kama nyumbani kwenu kuna chombo chenye historia, niandikie unisimulie. Tukutane Jumapili ijayo, Mungu akipenda.